UZI: Superkompyuta za Japani, kutoka kampuni tatu mpaka moja, na sasa NVIDIA kaingia ndani ya nyumba

MzeeWaTerminal (mleta uzi)

Wakuu salaam. Kila ikitoka orodha ya TOP500 (superkompyuta 500 zenye kasi zaidi duniani) kuna watu wanaangalia namba moja tu kisha wanafunga ukurasa, na 2025 walivyoona Fugaku, mashine kuu ya Japani, imeteremka mpaka nafasi ya saba basi komenti zikaanza kumiminika, "Wajapani kwishnei". Nimejibu hilo kwenye nyuzi za watu mpaka nimechoka, acha nifungue wa kwangu tumalizane hapa hapa.

Msimamo wangu nausema mapema ili wa kunipinga aanze kunoa panga. Japani hawajawahi kushindwa kutengeneza superkompyuta, walichoshindwa ni kuiuza. Chipu zao zinaishi kwa sababu kila baada ya miaka kama kumi serikali inatoa oda moja nono, na kila oda ikija kampuni za nyumbani zilizobaki mezani zinakuwa chache kuliko mara iliyopita. Ukilishika hilo, mengine yote ya Fugaku na NVIDIA, yule Mmarekani wa chipu, yanakaa sawa.

Turudi miaka ya themanini. Wakati ule ukisema superkompyuta umesema Cray ya Marekani, basi. Zilikuwa mashine za vekta, yani prosesa inachukua safu nzima ya namba na kuzipiga hesabu kwa amri moja badala ya kudokoa namba moja moja. Fujitsu, Hitachi na NEC wakaingia wote watatu karibu kwa mpigo, Fujitsu na VP-200, Hitachi na S-810, NEC na SX-2 ambayo ilivuka hesabu bilioni moja kwa sekunde. Na hapo ujue hawa jamaa walikuwa wanajitengenezea kila kitu, chipu yao, memori yao, na kwenye memori dunia nzima ilikuwa inawapigia magoti.

Marekani wakaingiwa na ubaridi. 1989 superkompyuta ikawekwa kwenye malalamiko rasmi ya biashara dhidi ya Japani, 1990 wakasainishana makubaliano ya namna taasisi za umma za Japani zitakavyonunua mashine ili na Cray apate riziki. Kubwa kuliko ni ya 1996: kituo cha utafiti wa anga cha NCAR kule Colorado kinatafuta mashine, NEC anachaguliwa na SX-4 yake, Cray anakimbilia serikalini kwake kushtaki kwamba huyu anauza kwa bei ya kutupa, 1997 inatoka adhabu ya ushuru: Fujitsu asilimia 173, NEC asilimia 454. Asilimia 454 wakuu! Huo sio ushuru, huo ni mlango umepigwa komeo. Na haukufunguka mpaka 2001, pale Cray mwenyewe alipokubaliana na NEC awe ndo anamuuzia SX-6 huko huko Marekani.

Naendelea, msikae mbali.

KijanaWaPython

Nimevuta kiti cha mbele. Ila mkuu mbona kama unawapamba, si hao hao walikuwa wanavipa vyuo vya kwao mashine kwa punguzo la ajabu? Cray hakulia bure.

MzeeWaTerminal

Punguzo lilikuwepo tena kubwa, sibishi. Ila hilo si ndo linathibitisha ninachosema? Kampuni zile hazikuwa zinatafuta faida kwenye superkompyuta, zilikuwa kampuni za simu na kompyuta za ofisini zenye hela, mashine kubwa ilikuwa ya kujenga jina na kufundishia mainjinia. Hela za pembeni zilipokauka, tutaona nani alibaki.

Miaka ya tisini sasa. TOP500 imeanza Juni 1993, orodha ya pili tu, Novemba mwaka ule ule, namba moja ni Numerical Wind Tunnel, Fujitsu kaitengeneza na maabara ya taifa ya anga, gigaflopsi 124 (gigaflopsi moja ni hesabu bilioni moja kwa sekunde, tera ni mara elfu ya giga, peta mara elfu ya tera, exa mara elfu ya peta). Kazi yake ilikuwa hesabu za hewa inavyopita kwenye ndege ili wapunguze majaribio ya handaki la upepo la kweli. 1996 zikafuata mbili za Hitachi mwaka mmoja, ya Chuo Kikuu cha Tokyo halafu CP-PACS ya Tsukuba waliyoijenga na wanafizikia wa chembe ndogo. 1997 Marekani wakaja na ASCI Red, ya kwanza kuvuka teraflopsi moja, na wote wakajua gemu limebadilika: badala ya prosesa chache za bei mbaya unapanga maelfu ya prosesa za kawaida.

Japani wakakataa kubadilika. Hapa ndo napenda.

Yule bwana aliyeongoza Numerical Wind Tunnel, Hajime Miyoshi, akasimamia mashine nyingine ya vekta, kubwa kupita zote, kwa ajili ya kuiga hali ya hewa ya dunia nzima. Earth Simulator, imejengwa na NEC, imewekwa Yokohama, nodi 640 (yani kompyuta moja moja zilizounganishwa) kila moja ina prosesa 8 za vekta, hela kama yeni bilioni 60. Ilipowashwa 2002 ikapiga teraflopsi 35.86 wakati aliyekuwa kinara, ASCI White ya Marekani, yuko kwenye 7. Mara tano! Jack Dongarra, mmoja wa wanaosimamia hiyo TOP500, akaiita Computenik, akikumbusha ile satelaiti ya Sputnik ya Mrusi iliyowashtua Wamarekani. Ikakaa namba moja orodha tano mfululizo mpaka BlueGene/L ya IBM ilipoitoa mwishoni mwa 2004. Miyoshi mwenyewe hakuiona ikifanya kazi, alifariki Novemba 2001.

Na haikuwa ya maonyesho. Modeli za tabianchi za Wajapani zilizoendeshwa pale ziliingia kwenye ripoti ya 2007 ya IPCC, lile jopo la kimataifa la tabianchi, zikiwa na ramani za miraba midogo midogo ambayo wengine wakati ule walikuwa wanaiota.

BintiSeva

Mkuu umeshusha nondo. Swali la mjinga, kama Earth Simulator iliwapiga wote mara tano kwa nini vekta ilikufa?

MzeeWaTerminal

Bei dada yangu. Prosesa ya vekta ya NEC wananunua vituo vichache vya utafiti duniani, prosesa ya kawaida inanunuliwa na kila mwenye ofisi, kwahiyo gharama ya kuibuni inagawanywa kwa mamilioni ya wateja. Hata hivyo haikufa mara moja, NEC aliendelea kuuza SX kwa watu wenye kazi maalum, Wajerumani wa Stuttgart walichukua, idara ya hali ya hewa ya Ujerumani ilichukua, Chuo Kikuu cha Tohoku wako nayo miaka nenda rudi. Ila ilibaki kuwa duka la wateja wanaojuana majina.

Chipu_Mbichi

Tufike kwenye ile ya "kwani wa pili ana shida gani" nacheka mpaka leo

MzeeWaTerminal

Haha inakuja hiyo.

Mradi wa baada ya Earth Simulator uliwakutanisha wote watatu. Fujitsu aje na prosesa za kawaida, NEC na Hitachi waje na vekta, zichanganywe kwenye mashine moja Kobe chini ya taasisi ya utafiti ya RIKEN. Mpango mzuri kwenye karatasi. Ikapiga ile mitikisiko ya uchumi ya 2008, na Mei 2009 NEC akanyanyua mikono, Hitachi naye akatoka. Kabaki Fujitsu peke yake na chipu ya SPARC, muundo ukachorwa upya katikati ya safari.

Kabla vumbi halijatulia, Novemba 2009 serikali mpya ikaanzisha vikao vya hadharani vya kukagua matumizi, wizara zinaitwa mbele ya kamera zijieleze. Ikafika zamu ya superkompyuta, mbunge Renho akauliza kwa nini ni lazima tuwe wa kwanza duniani, tukiwa wa pili kuna ubaya gani? Nchi nzima ikalipuka. Jopo likapendekeza mradi usimamishwe, washindi wa Nobel wakaitisha mkutano na waandishi kupinga, mwisho hela zikarudishwa.

Sasa mimi nitasema kitu hamtakipenda: swali la yule mama lilikuwa zuri. Waliojibu ndo walijibu vibaya, walitetea namba moja kama vile namba moja yenyewe ndo kazi. Ukitazama ile mashine ilivyotumika, jibu lilikuwepo la kutosha bila kugusa nafasi.

Mashine yenyewe ndo K. Juni 2011, miezi mitatu tu baada ya tetemeko na tsunami, ikashika namba moja hata haijamaliza kufungwa, Novemba ikawa ya kwanza duniani kuvuka petaflopsi 10. Prosesa 88,128. Na ile chipu Fujitsu aliichoma kwenye kiwanda chake mwenyewe, shikilieni hapo, nitarudi.

Mhandisi_Mkaidi

Mzee hizi za namba moja namba moja kila mtu anazijua. Leo El Capitan ya Marekani ina exaflopsi 1.7 na zaidi, Fugaku petaflopsi 442. Hiyo ni robo. Robo mkuu. Japani iko nyuma, nukta, tusizungushane.

MzeeWaTerminal

Nimekusubiri wewe. TOP500 inapima Linpack, mfumo mkubwa wa milinganyo ya mstari uliojaa namba kila kona, hesabu ambayo prosesa inashiba data muda wote. Kazi halisi nyingi, hali ya hewa, mitetemo ya majengo, mtiririko wa hewa, haziko hivo, data imetawanyika kwenye memori na prosesa inakaa inasubiri. Ni fundi hodari mwenye mwiko wa dhahabu ila matofali yanaletwa moja moja, umahiri wake utauona wapi?

Ndo kikaja kipimo cha pili, HPCG, kinachopima hali hiyo ya kusubiri. Fugaku humo ina petaflopsi 16, El Capitan 17.4. Umeona? Kwenye Linpack wanapishana mara nne, kwenye HPCG karibu wako sambamba. Fugaku ilikuwa namba moja ya HPCG tangu 2020 mpaka Juni 2025, yani hata Frontier ya Marekani ilipoichapa TOP500 mwaka 2022, kwenye HPCG haikuigusa. Ukipiga asilimia, Fugaku inabaki na kama 3.6 ya kile inachopata kwenye Linpack, El Capitan 1. K ya zamani ilikuwa inakaribia 6!

Sababu ni chipu. A64FX ya Fugaku ina viini 48 vya kuhesabu na memori ya HBM2 imekalishwa humo humo ndani ya paketi moja na prosesa, spidi ya gigabaiti 1,024 kwa sekunde kwa kila chipu. Ni ile ile akili ya vekta ya miaka ya themanini imevaa nguo za Arm, ule muundo wa chipu za simu za mkononi. Hawa jamaa wamebadilisha kampuni, wamebadilisha aina ya chipu, ila kushibisha prosesa hawajaacha.

Mhandisi_Mkaidi

Sawa ila gigabaiti 32 tu za memori kwa nodi nzima. Leta modeli kubwa ya AI uone inavyokaa. Na hakuna GPU hata moja mle ndani, zile chipu za kupiga hesabu nyingi kwa mpigo ambazo AI inazitegemea.

MzeeWaTerminal

Hilo nakupa bila ubishi, ni kidogo. Iliamuliwa kabla AI haijawa wazimu huu.

Mawingu_Mazito

Naomba niingie maana mambo ya hali ya hewa ndo nayafuatilia na naona mnapigana na asilimia tu watu hawaoni inafanya nini.

Japani kila kiangazi kuna kitu kinawaua, mkanda mwembamba wa mawingu ya mvua unajipanga mstari na kumwaga sehemu moja masaa na masaa, mto unapasuka usiku watu wamelala. Kukitabiri ni balaa kwa sababu ni kidogo kwa upana, modeli yenye miraba ya kilomita nyingi inakiruka tu. Idara yao ya hali ya hewa ikaanza kutumia Fugaku kujaribu modeli zenye miraba midogo zaidi na makundi ya utabiri mengi kwa wakati mmoja, na tangu Juni 2022 wanatoa tahadhari ya mikanda hiyo kama nusu siku kabla. Haipatii kila mara, tena mara nyingi inakosea, ila nusu siku inatosha kumtoa bibi kizee bondeni kabla giza halijaingia. Baadaye 2023 idara ikanunua mashine yake ya Fujitsu ya ukoo huo huo wa Fugaku kwa kazi hiyo hiyo. Hiyo ndo faida ambayo kwenye TOP500 haionekani, programu imeandikwa kwenye ile kubwa ikahamia kwenye ndogo bila kuandikwa upya.

Nyingine ni ya Tohoku. Baada ya 2011 watu wa Chuo Kikuu cha Tohoku na NEC wakatengeneza mfumo unaoanza wenyewe tetemeko likipiga: dakika kama 10 kukadiria chanzo cha tsunami, dakika 10 nyingine kuhesabu maji yataingia mpaka wapi nchi kavu kwa miraba ya mita 10, serikali kuu inapelekewa ramani ya mafuriko na makadirio ya uharibifu. Mashine ikiwa kwenye kazi nyingine inasukumwa pembeni. Zile zile SX za vekta ambazo watu wanaziandikia tanzia.

BintiSeva

Daah hiyo ya tsunami sikuijua kabisa asante mkuu. Na ile ya barakoa ilikuwa Fugaku?

Mawingu_Mazito

Ndiyo. Aprili 2020 Fugaku haijamaliza kufungwa wakaanza kuitumia kwa Covid. Timu ya Makoto Tsubokura wa RIKEN na Chuo cha Kobe wakaiga matone ya mate mtu akikohoa, akiongea mezani, akiwa ndani ya treni dirisha likiwa wazi au limefungwa, barakoa ya kitambaa na ile ya hospitali. Zile picha za matone ya rangi yakiruka zilizojaa kwenye TV zao ndo hizo. 2021 wakapata tuzo maalum ya Covid ya Gordon Bell, tuzo kubwa ya watu wa superkompyuta. Na kumbuka programu yenyewe hawakuiandika kwa ajili ya korona, ilikuwa ya mtiririko wa hewa kwenye magari na mafuta kwenye injini, wakaigeuza.

KijanaWaPython

Kwahiyo kampuni binafsi nazo zinaingia? Au ni maprofesa tu

MzeeWaTerminal

Zinaingia. Tangu 2012 kuna mtandao wa kitaifa unaitwa HPCI, umeunganisha ile mashine kuu ya Kobe na za vyuo vikuu, unaomba muda kwa andiko, ukipita na ukakubali matokeo yachapishwe hulipii, ukitaka siri unalipa. Sumitomo Rubber ni mfano mzuri, walitumia K pamoja na mitambo ya miale ya SPring-8 na J-PARC kuona jinsi chembe za silika zinavyojipanga ndani ya raba, 2016 tairi likaingia sokoni. Tairi la gari la kawaida.

Na wale wa ubongo sijawasahau, 2013 walichukua prosesa 82,944 za K wakaiga neva bilioni 1.73, kama asilimia moja ya ubongo wa mtu. Sekunde moja ya ubongo ikachukua dakika 40. Kipimo kizuri cha unyenyekevu kile.

Chipu_Mbichi

Hamjataja Kyoto 😂 Desemba 2021, kampuni ya HPE wanarekebisha skripti ya bakapu kwenye superkompyuta ya Chuo Kikuu cha Kyoto, skripti ikabadilishwa huku ya zamani bado inakimbia, ikaanza kufuta mafaili yenyewe. Terabaiti 77, mafaili milioni 34 hivi. Kampuni ikakubali kosa ni lao mia kwa mia. Mtu ana PhD yake humo

BintiSeva

Nimesikia baridi mgongoni 😭

Mhandisi_Mkaidi

Turudi kwenye hoja. Mtu atasema Wajapani hawakuona GPU. Uongo, waliona kabla ya wengi. Shida ni kwamba walioona hawakuwa wenye ile oda nono.

Superkompyuta TSUBAME ya Taasisi ya Teknolojia ya Tokyo, Satoshi Matsuoka na watu wake waliweka GPU za NVIDIA 2008, watu wengi bado wanazijua kama kadi za gemu. TSUBAME 2.0 mwaka 2010 ikawa ya nne duniani, chuo kimoja tu, bajeti ndogo kabisa ukilinganisha na K. Miaka hiyo hiyo Kobe wanajenga K bila GPU hata moja, na Fugaku nayo hivo hivo. Na kinachochekesha, 2018 huyo huyo Matsuoka akapewa ukurugenzi wa kituo cha Kobe na akakuta mashine isiyo na GPU tayari iko njiani.

Kuna waliojaribu njia yao pia. GRAPE za Tokyo tangu 1989, mashine za kuhesabu mvutano wa nyota tu basi, hazijui kingine, na zilikuwa zinachukua Gordon Bell. Chipu MN-Core ya kampuni ya Preferred Networks ikawa ya kwanza duniani kwa kubana umeme kwenye Green500 ya Juni 2020, orodha ile ile ambayo Fugaku ilishika TOP500. Na kampuni ya PEZY, hawa nawasikitikia, prosesa zao zinazamishwa kwenye kimiminika, Novemba 2017 mashine yao Gyoukou imeshika nafasi ya nne duniani, Desemba bosi kakamatwa kwa ulaghai wa ruzuku ya serikali, mwaka uliofuata mashine ikang'olewa.

MzeeWaTerminal

Hapo kwenye PEZY umenigusa. Ndo ule ugonjwa ninaousema, mteja ni serikali, hela ni ya serikali, sokoni hakuna mtu, mkono wa serikali ukiondoka na kampuni imeondoka.

Ndugu_Fortran

OP unatia chumvi kusema haziuziki. A64FX ilitoka nje, Cray aliichukua kuiuza, Chuo cha Stony Brook kule New York waliweka mashine ya Ookami, Bristol waliweka kwenye Isambard 2, Ureno wana Deucalion yenye nodi zaidi ya 1,600.

MzeeWaTerminal

Nazijua zote hizo na bado nasema. Ukizijumlisha zote ni sehemu ndogo tu ukilinganisha na nodi 158,976 za Fugaku. Na wengi waliozinunua walinunua kujaribu Arm ikoje, sio kuhamia. Chipu iliyopata sifa zote zile ikauzwa kwa mafungu ya majaribio, halafu soko la Arm la kwenye seva wakalichukua Amazon na NVIDIA. Mpaka RIKEN wenyewe walipotaka kusambaza programu za Fugaku nje wakaziweka kwenye klaudi ya Amazon, juu ya chipu ya Arm ya Amazon, wakaita Virtual Fugaku. Inafanya kazi vizuri tu ila itazame kibiashara utaumia.

Sasa lile nililowaambia mshikilie. Chipu ya K ilichomwa na Fujitsu kwenye kiwanda chake, nanomita 45. Chipu ya Fugaku ilibuniwa na Fujitsu, ikachomwa kwenye kiwanda cha TSMC Taiwan, nanomita 7. Mashine ijayo, FugakuNEXT, RIKEN wameanza nayo Januari 2025, lengo ni kuwaka 2030 hivi hapo hapo Kobe: prosesa MONAKA-X ya Fujitsu, na Agosti 2025 wakatangaza GPU zitakuwa za NVIDIA. Mashine kuu ya taifa haijawahi kuwa na GPU, hii ni mara ya kwanza. Umeme unabaki kama megawati 40 ule ule wa jengo la sasa, ila wanataka programu zikimbie mpaka mara 100 kuliko kwenye Fugaku, sehemu ni chuma kipya na sehemu ni kutumia AI kukadiria hesabu badala ya kuzipiga zote.

Hesabuni wenyewe. K, mwanzoni kampuni tatu za nyumbani kisha moja na kiwanda chake. Fugaku, kampuni moja bila kiwanda. NEXT, kampuni moja ya nyumbani, na sehemu nzito ya mzigo wa hesabu iko kwa Mmarekani.

Mhandisi_Mkaidi

Na mimi nasema hiyo ndo akili. Ulitaka wafanye nini, wabuni GPU yao ya kutumika sehemu moja duniani? AI ndo inakula mashine sasa. Mashine ya AI ya ABCI 3.0 iliyofunguliwa mwanzoni mwa 2025 ina GPU za NVIDIA za H200 zaidi ya 6,000. Miyabi ya vyuo vya Tokyo na Tsukuba, NVIDIA. TSUBAME 4.0, NVIDIA. SoftBank, kampuni binafsi, nao wananunua GPU kwa maelfu. Watafiti wengi wameshahamia huko, unawaletea mashine ya taifa wasiyoweza kuitumia ili iweje?

MzeeWaTerminal

Sijasema wamekosea. Nimesema ndo mwelekeo. Hata Fugaku walijikaza, Mei 2024 wakatoa Fugaku-LLM, modeli ya AI ya lugha ya Kijapani yenye vigezo bilioni 13, nodi 13,824 za prosesa tupu bila GPU. Kazi kubwa sana ya kuandika upya maktaba za hesabu. Ila ukiuliza kama wangerudia tena kwa njia hiyo, jibu wamelitoa wenyewe kwa kumchagua NVIDIA.

Ndugu_Fortran

Mnaongea chuma tu. Mimi ninaogopa programu. Zile za hali ya hewa na tetemeko alizozitaja Mawingu, mistari laki na laki ya Fortran, lugha ya kizamani ya kuandikia programu, zimesuguliwa miaka 10 kwa K, zikasuguliwa tena kwa A64FX kwa sababu zinafanana tabia. GPU ni mnyama mwingine, data lazima ukae chini uipange upya, mahali ulipokuwa unazunguka kitanzi ndani ya kitanzi unavunja vipande maelfu. Nani atakaa kuzihamisha hizo kabla ya 2030? Vijana wakijua GPU wanalipwa vizuri zaidi kwenye AI.

Mawingu_Mazito

Ndugu umesema la moyoni mwangu. Ndo maana mimi nafurahi MONAKA-X bado ipo mle ndani na itaunganishwa na GPU kwa njia ya karibu, NVLink, sio zile waya za kawaida za kupanga foleni. Sehemu ya programu isiyohamishika inabaki kwenye prosesa, ile nzito inahama polepole. Kama memori ya prosesa itakuwa na spidi ile ile waliyoizoea, watu wa mvua watapona. Kama wataibana ili GPU ishibe, hapo sasa.

KijanaWaPython

Na wenye kompyuta za quantum je? Nasikia nao wako Kobe

MzeeWaTerminal

Wapo, Juni 2025 IBM wamezindua yao hapo RIKEN Kobe jirani na Fugaku ili ziunganishwe, na ya Quantinuum iko kampasi nyingine ya RIKEN. Kwa sasa Fugaku ndo inafanya sehemu kubwa ya kazi na quantum inapewa kipande kidogo. Hiyo nitaifungulia uzi wake, hapa itatupoteza.

Ndugu_Fortran kuhusu lako, mimi naangalia kitu kimoja tu: MONAKA ya kawaida, ile ya seva za ofisini na vituo vya data, imepangwa kutoka 2027. Ikipata wateja wa kulipa nje ya serikali, MONAKA-X itakuwa na ndugu zake wengi na watu watakuwa na sababu ya kuandika programu zake. Isipopata, mtaniona hapa mwaka 2035 nahesabu kampuni sifuri.

Mhandisi_Mkaidi

2035 nitakuwepo kukubishia mzee wangu 😂